Je, Acayo Aende Semina?

Habari hii nimeipata kwa Adyero, Jumapili moja ya mwezi wa nane, tukiwa tumekaa nje tunachambua simsim, yaani ufuta. Adyero ndiye mama wa msichana mwenyewe. Nimeiandika kama alivyonisimulia, maana wazazi wengi wanalo swali hilihili na hawajui wamwulize nani.

Adyero anauza mboga katika soko la Kalerwe. Mumewe, Odyek, ni koplo wa polisi. Wanaishi katika kambi ya polisi, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Odyek analinda benki usiku. Asubuhi akirudi, mke anatoka kwenda sokoni. Wanakutana mlangoni, wanaambiana la muhimu, kila mtu anashika njia yake.

Binti yao mkubwa ni Acayo. Mwaka jana alikuwa Senior Six, mwaka wa mwisho wa sekondari, akitaka kwenda chuo kikuu kusomea uuguzi. Alilisema hilo tangu akiwa mdogo, na hakubadilisha. Biolojia aliiweza. Kemia ilimsumbua, hasa kazi ya maabara. Katika mtihani wa majaribio mkono ulitetemeka, akazidisha dawa kwenye chupa, kazi yote ikaharibika. Alipata alama ya chini sana.

Mwalimu wa kemia aliwaambia wanafunzi kwamba juma la mwisho la mwezi wa tisa atafungua maabara kila jioni. Mwenye shida aje na koti lake. Baada ya hapo hana nafasi tena mpaka mtihani.

Siku mbili baadaye ujumbe ukaingia kwenye simu ya Odyek. Ulianza kwa hongera. Ulisema Acayo amechaguliwa kuhudhuria semina ya viongozi wanafunzi, siku tano, katika hoteli moja karibu na ziwa. Kila atakayelipa na kuhudhuria atapewa cheti, na cheti hicho kitamfungulia milango ya vyuo vikuu. Tarehe zilikuwa za juma lilelile la maabara.

Odyek alifurahi sana. Aliwaonyesha askari wenzake ujumbe huo, mmoja mmoja. Asubuhi alimwambia Adyero mlangoni kwamba mtoto ataenda.

"Na kemia?" Adyero akauliza.

"Mama Acayo, wewe unanijua. Miaka kumi na moja nilikuwa konstebo. Nilikuwa mvivu?"

"Hapana."

"Nikaenda kozi miezi mitatu. Cheti kikaingia kwenye faili. Nikarudi na tepe mbili. Lindo lilelile, bunduki ileile. Kilichonipandisha ni cheti. Faili nene ndilo linalompandisha mtu."

Adyero alijua ni kweli. Zile tepe alizishona yeye mwenyewe kwa mkono wake.

Acayo naye alikuwa katikati. Kuchaguliwa kulimfurahisha, asikudanganye mtu. Lakini kila akifungua daftari la kemia aliiona ile alama.

Sokoni Adyero alikuwa na mteja anayeitwa Nerima, mama wa Kikenya kutoka Busia. Nerima amefanya kazi miaka mingi katika ofisi ya chuo kikuu kimoja, pale wanapopokea maombi ya wanafunzi. Siku moja Adyero alipokuwa akimfungia doodo, mchicha wa huku, alimweleza yote. Nerima alicheka kwanza. Halafu akaacha kucheka, akauliza semina ni lini na mtihani ni lini. Aliposikia, akasema Jumamosi atakuja mwenyewe kambini, na afande asilale mchana huo.

Jumamosi alikuja kweli. Akapewa kiti, akapewa chai. Alisoma ule ujumbe mara mbili.

"Afande," akasema, "mtu akija usiku kwenye benki yako, akasema ametumwa na meneja, unamfungulia?"

Odyek alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Namfungulia vipi? Namwuliza meneja gani. Halafu nampigia meneja."

"Basi hawa wanatumia jina la vyuo vikuu. Waulize chuo gani."

Odyek akapiga simu palepale, na simu akaiweka mezani ili wote wasikie. Mwanamke mmoja alijibu kwa sauti tamu. Odyek alimwuliza ni chuo gani kinachotaka cheti chao. Yule akasema vyuo vingi. Odyek akamwomba ataje kimoja tu. Yule akasema cheti kinaheshimiwa sana. Odyek akauliza tena, polepole, kama anayeandika maelezo ya mshukiwa. Mwisho yule akakiri kwamba hana jina la chuo, ila cheti hakiwezi kumdhuru mtoto. Odyek alipouliza walimchaguaje Acayo, simu ikakatika.

Nerima alikunywa chai.

Halafu akaeleza. Alisema vyuo vya serikali hapa Uganda vinahesabu pointi za mtihani. Wanaangalia masomo uliyofanya na ulivyoyafaulu. Yeye amepokea fomu nyingi kuliko mboga za Kalerwe, na hajaona mahali pa kuandika pointi za semina. Kwa uuguzi, kemia ni mlango wenyewe. Alisema pia vyuo vingine na wafadhili wengine wana utaratibu wao, na wapo wanaouliza habari za uongozi. Lakini hao huuliza umefanya nini, na nani alikuona ukifanya. Kukaa hotelini siku tano ukisikiliza si jibu la swali hilo.

"Kwa hiyo semina zote ni uongo?" Odyek akauliza.

"Sijasema hivyo, afande. Semina inaweza kukufundisha kusema mbele za watu. Kama una muda, kama inafundisha kitu, kama gharama yake haikuvunji, nenda. Lakini nenda kujifunza. Usiende kununua karatasi. Na usiiendee ukaacha kitu ambacho chuo kinakihesabu kweli."

Odyek alishika kichwa. "Na faili lake? Mfadhili akilifungua, akute nini? Tupu?"

Hapo Nerima akamgeukia Acayo. Alikuwa ameona uani mitungi ya maji iliyoandikwa namba kwa rangi. Akauliza ni kazi ya nani.

Acayo akajibu kwa aibu kwamba ni yake. Pale kambini kuna bomba moja. Watu wazima walikuwa wakiwasukuma watoto, na watoto wakichelewa shule. Acayo alizunguka nyumba zote, akaandika namba kwenye mitungi, akapatana na wake za askari kwamba kabla ya saa moja asubuhi watoto wa shule wachote kwanza. Mama mmoja, Joska, alikataa mwezi mzima. Acayo alikuwa akimchotea maji mwenyewe mpaka Joska akaona haya, akakubali.

"Bomba?" Odyek akasema. "Bomba nalo ni uongozi?"

"Afande, wewe ungeweza kumnyamazisha Joska?" Adyero akauliza.

Joska anaogopwa hata na mkuu wa kambi.

Acayo akasimama. Adyero anasema sauti yake haikuwa kubwa, lakini haikutetemeka.

"Baba, siendi semina. Naenda maabara. Nikishindwa kemia, hakuna cheti kitakachonifanya nesi."

Odyek akachukua simu, akaufuta ule ujumbe.

Jioni tano Acayo alikuwa maabara. Ya kwanza alikosea. Ya pili alikosea tena, akaomba vyombo vingine. Ya tatu mwalimu alimwambia aache kubana pumzi, ashikilie mkono mmoja kwa mwingine. Ya tano alipata jibu sahihi mara tatu mfululizo. Mwanafunzi mwenzake, Hortense, alienda semina. Alirudi anajua kuhutubia bila kutetemeka, na hilo ni jema. Lakini naye aliomba chuo kwa matokeo ya mtihani, kama wengine wote.

Matokeo yalipotoka, kemia ya Acayo ilikuwa nzuri. Aliomba uuguzi. Aliomba pia ufadhili wa shirika moja, ambalo kweli liliuliza ameongoza nini. Aliandika habari za bomba, na mkuu wa kambi akatia sahihi kwamba ameziona. Wakamwita kwa mahojiano. Walimwuliza hasa juu ya yule aliyekataa.

Majibu yote mawili yalikuja juma moja. Chuo kimempa nafasi. Ufadhili ameupata.

Ilikuwa asubuhi. Odyek alikuwa ametoka lindoni. Alisoma barua ya chuo akiwa amesimama, kofia kichwani, halafu akaisoma tena kwa sauti ya kijeshi kama amri ya siku. Akampa binti yake mkono, akamwita nesi. Akavua viatu, akajilaza kitandani.

Adyero hakwenda sokoni siku hiyo. Alikuwa nje, anawaambia wake za askari, nyumba kwa nyumba, na Joska anapiga vigelegele kuliko wote. Kambi nzima ilikuwa kelele. Acayo akachungulia nyuma ya pazia, akasema atatoka kuwanyamazisha ili baba apumzike.

"Waache," Odyek akasema. Akageukia ukutani, akalala.