Mwaka Usio na Vichanga

Jua lilikuwa linazama mkunga alipotoka kuanua nguo. Kesho boti ingekuja kumwondoa kisiwani, na hakuna aliyempa hata pole. Mwaka mzima hakukuwa na uzazi. Mbuzi walizaa, paka walizaa, wanawake wapi! Lawama zote zikamwangukia yeye, mke wa kuja, eti amewafunga matumbo. Aliyelivalia njuga jambo hilo ni mama mkwe wake, bibi mwenye mdomo usiojua kupumzika.

"Mkunga..."

Mwanamume alisimama nyuma ya shuka lililoanikwa. Ilionekana miguu tu, imelowa.

"Mke wangu ameshikwa na uchungu. Twende."

Kisiwani hakukuwa na mjamzito. Angekuwepo, yeye angekuwa wa kwanza kujua. Moyo ulimwambia akatae. Lakini akizaliwa mtoto mmoja tu, nani atamfukuza tena? Akabeba mkoba wake, akafuata.

Wakafika nyumba ya mlinzi wa mnara wa taa, iliyofungwa tangu mlinzi huyo na mkewe walipozama baharini. Leo mlango ulikuwa wazi. Ndani kulinuka udongo mbichi. Mwanamke kitandani alijifunika uso, wala hakuguna. Mkunga alipomshika goti, baridi ilimpanda mpaka begani.

Mtoto akatoka. Kimya...

Kisha akalia.

Watu wa pale, wakisikia mtoto akilia kwa mara ya kwanza, kila mmoja humjibu kutoka alipo. Mwaka mzima walikuwa na hamu ya kujibu. Hakuna aliyeuliza ni wa nani.

"Karibuuu!" jikoni. "Karibu, mgeni wetu!" dukani, gatini, kila mlango.

Mkunga akatazama mikono yake.

Kitambaa kitupu.

Kitandani vumbi tupu. Alitoka mbio, roho mkononi. Njiani wanawake walikuwa wamesimama, wameshika matumbo.

"Kichanga kimecheza," mke wa mwenye duka alinong'ona, akicheka na kulia.

"Hata changu..."

Mama mkwe, bibi wa wajukuu wakubwa, alikuwa ameegemea ukuta, tumbo limetuna. Akamdaka mkunga kiganja.

"Mama, niachie. Kesho naondoka."

"Uende wapi, mwanangu?" Hakuwahi kumwita hivyo. "Nani atatuzalisha?"

Boti iliondoka bila yeye. Watoto wa mwaka ule aliwapokea wote kwa mikono yake, na hakuna hata mmoja aliyelia.