Diski ya Hawe Kadzo

Purity, fundi wa kompyuta pale Gede, ni jirani yetu, na si mtu wa kutishika ovyo. Jumatatu ile alifungua kibanda, akachomeka diski ya SSD yenye video ya marehemu nyanya yake, Hawe Kadzo, akaipima afya. Asilimia tisini na sita ya uhai. Ndani yake bibi anatamka, kwa dakika nne, kwamba shamba ni la Purity. Kesi mbele ya wazee ilikuwa Ijumaa, na ushahidi mwingine hakuwa nao.

Mchana akaja baba yake mdogo, Mwambire, anayelitaka shamba hilohilo.

"Niibariki sauti ya mama," akasema. Akapiga funda la maji, akaipulizia diski, kama wazee wafanyavyo. Purity akainamisha kichwa. Mzee akikuletea baraka utamkataza vipi? Hapo ndipo alipokosea.

Jumanne asubuhi simu ikalia. Mwambire. "Sabini na moja, mwanangu," akanong'ona, akakata.

Purity akapima. Sabini na moja!

Diski hizi huchakaa kwa kuandikwa data, na hii hakuna aliyeandika kitu humo. Haraka akanakili video kwenye diski nyingine tatu. Nakala zote zikatoka bubu. Midomo ya bibi inacheza, sauti hakuna.

Jumatano. "Arobaini." Kweli, arobaini.

Alhamisi. "Tisa." Aliogopa, nani asingeogopa? Lakini hasira nazo zilimpanda hadi utosini.

Ijumaa. "Sifuri. Kaa nyumbani."

"Shikamoo, baba," Purity akamjibu. "Hiyo sifuri ni makisio tu ya kiwanda. Nina diski hapa zina sifuri mwaka wa pili na zinachapa kazi. Tukutane barazani, na huo uchawi wako njoo nao!"

Barazani akafungua kompyuta mbele ya wazee, akabonyeza. Skrini nyeusi. Kimya. Mwambire akatabasamu.

Kisha uso wa bibi ukatokea, na sauti ikatoka, wazi kabisa. "Shamba ni la Purity." Mpaka waliokaa nyuma walisikia. Wazee wakatazamana, wakaamua papo hapo. Shamba ni lake.

Purity akanyoosha mkono aizime. Dakika nne zilikuwa zimekwisha. Video haikukatika.

Hawe Kadzo aligeuza shingo. Polepole. Akatazama pale alipoketi mwanawe.

"Mwambire. Kile kikombe ulichoninywesha siku ile, mbona hukukiosha?"

Video ile Purity aliipiga mwenyewe. Maneno hayo hayakuwamo.

Mwambire alitoka mbio, kiti kikaanguka. Hakuna aliyemfuata. Purity akafunga kompyuta, na juu ya mfuniko akaona duara la maji, kama la kikombe kilichoondolewa sasa hivi.

Amelifuta. Amelifuta tena. Haliishi, wala halikauki. Basi ameacha kulifuta. Siku hizi anaiweka kompyuta hiyo mlangoni pa kibanda, mfuniko wenye duara ukiangalia barabara, na Mwambire akitaka kwenda dukani lazima apite hapo.