Sindano za Don Eleuterio

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, Nayeli alipomaliza kupanga mikate dukani, alikwenda zahanati kuchukua sindano za baba yake, za kupunguza unene uliokuwa ukiulemea moyo wake. Kwa miaka miwili ya kuchoma sindano hizo, Don Eleuterio, mwoka mikate wa mji wa Tehuacán, alikuwa amepungua kilo thelathini. Sasa alipanda ngazi za kanisa bila kupumzika njiani.

Mwezi wa Machi, Nayeli alikutana na Ximena, mwanafunzi mwenzake, mlangoni pa zahanati. Ximena akaisoma karatasi ya dawa mkononi mwa Nayeli.

“Kumbe baba yako anakonda kwa sindano!” Ximena alicheka. “Si afunge mdomo tu? Mvivu!”

Nayeli alirudi nyumbani mikono mitupu.

“Dawa haijafika, Baba.”

“Basi tutasubiri, mwanangu.”

Aprili alisema vivyo hivyo. Mei pia. Njaa ilimrudia baba kwa nguvu, na unene nao ukarudi. Miguu ikavimba. Akawa analala ameketi, maana akijinyoosha alikosa pumzi. Nayeli aliyaona yote hayo, akanyamaza. Kila siku iliyopita ilimzidishia ugumu wa kusema ukweli.

Asubuhi moja ya Juni, baba alianguka mbele ya tanuri.

“Moyo wake ulikuwa umeanza kupata nafuu,” Daktari Zavala alimwambia mama hospitalini, kando ya kitanda cha baba. “Kwa nini aliacha dawa?”

“Zahanati hawakuwa nazo.”

“Miezi mitatu? Huyo muuguzi wa zahanati atanieleza leo!” Daktari akachukua simu.

“Usimpigie, Daktari,” Nayeli alisema. “Zilikuwapo. Sikuzichukua. Ximena alinicheka.”

Baba akasogeza kando kifaa cha hewa kilichokuwa puani mwake.

“Ulinionea aibu?”

“Ndiyo, Baba.”

Baba alifumba macho. Chozi likamtiririka hadi sikioni.

Alirudi nyumbani baada ya wiki mbili, akaanza tena dawa kwa dozi ndogo kabisa. Pumzi zilitulia na uvimbe ukapungua, lakini kukanda unga hakuweza tena. Kazi hiyo ikawa ya mama.

Siku ya kupimwa, Nayeli aliuliza, “Daktari, akipungua tena ataacha sindano?”

“Hapana. Unene wake ni ugonjwa wa kudumu, kama shinikizo la damu. Dawa inaushikilia, na ukiiacha, unene unarudi. Ximena alicheka kwa kutojua. Lakini wewe ulijua, ukadanganya, na moyo wa baba yako hautarudi ulivyokuwa. Kuanzia leo, ukichekwa, lia ukitaka, lakini dawa ifike nyumbani.”