Aliyeitika Badala Yake

Fundi hakushtuka mwanzoni mwanawe alipoacha kumsumbua. Zamani ilikuwa "Mama! Mama, ona!" kutwa nzima, naye, simu imeegemea cherehani, kidole kikipandisha picha za magauni ya watu, alijibu "Mm, nakuja" bila kuinua macho. Haji ng'o. Siku moja akamwambia, kwa utani tu, akatafute mama mwingine wa kumsikiliza.

Tangu hapo kimya. Na aibu yenyewe ndiyo hii: alikifurahia.

Hata jioni moja umeme ukakatika na chaji ikamwishia. Ndipo akasikia mtoto akicheka chumbani, akisimulia habari za shule, na mwanamke akimwitikia, "Ehee? Ikawaje?", kwa sauti yake yeye fundi, ila tamu, isiyo na haraka, na harufu ya kitambaa kilichoungua ikapenya chini ya mlango japo pasi ilikuwa baridi, naye akausukuma mlango, akamkuta mtoto peke yake, ameegemea hewa, nywele zikisukwa taratibu na vidole visivyoonekana.

Mganga aliyeletwa kesho yake alifukiza ubani, akaliamuru jini litoke. Likacheka. Likasema halikuvamia nyumba ya mtu. Mtoto aliita mama, hakuna aliyeitika, likaitika lenyewe. Sisi wanadamu, wahenga walitukataza kuitikia sauti tusiyoijua. Kuhusu kuitwa na mwanao ukanyamaza, hawakudhani tungehitaji kuonywa.

"Litamwachia mama anayemjua mwanawe," mganga alinong'ona. "Linauliza: mtoto ameng'oka jino gani?"

Jino? Fundi akautazama mdomo wa mwanawe. Umefumbwa. Simu ikatetema mfukoni, na mkono wake, Mungu amsamehe, ukaenda wenyewe. Mganga akauona.

"La chini," fundi akabahatisha.

"La juu, kushoto," ikasema ile sauti tamu kutoka kitandani. "Alikuletea kiganjani. Ukamwambia mm."

Mganga akazima ubani wake, akaondoka bila kumtazama usoni.

Fundi aliitupa simu huko, akapiga magoti mbele ya mwanawe, uso unamwaka kwa aibu, akamwita kwa jina la utani alilompa akiwa bado ananyonya. Akamwita tena, akilia.

Mtoto alikuwa akiutabasamia ukuta.

"Mm," alijibu bila kugeuka. "Nakuja."