Mama Anatembea Mpaka Chwele

Mama yangu, Phelista, alikuja kwangu Kitale kutoka Kabuchai mwezi wa tano. Valvu moja ya moyo wake ilikuwa imeharibika. Daktari alisema atapasuliwa, lakini angoje miezi mitatu.

"Basi atapumzika," nikasema. Na mimi Nasike nikisema jambo, nani atanipinga? Nikamwekea kitanda karibu na dirisha. Chai nilimpelekea hapo hapo. Hata njugu nilimmenyea. Akitaka kuinuka, namfokea: "Mama, lala! Unataka kutupatia presha?"

Zamani Mama alikuwa mtu wa kutembea. Siku ya soko alijitwika mkungu wa ndizi mpaka Chwele, nami mtoto nikimfuata nyuma mbio mbio. Alipumzika palepale kila mara: kwa fundi wa baiskeli, darajani, kisha kwenye kinu cha kusaga cha mzee Wakoli. Jamani, nilizipenda safari zile! Sasa nilimwona akitazama ukuta, na roho iliniuma. Lakini nilidhani ninamsaidia.

Wapi! Mwezi wa sita tulirudi kliniki. Mama alipoinuka kitini, magoti yakatetemeka.

"Akizidi kudhoofika hivi, itabidi tuahirishe upasuaji," daktari akasema, akaandika maagizo.

Nililia njia nzima.

Jioni akaja Jepkorir, jirani yetu, mhudumu wa afya ya jamii. Akayasoma maagizo yale.

"Nasike, nani alikwambia alale mchana kutwa?"

"Si ni moyo? Moyo ni kupumzishwa!"

"Anayengoja upasuaji anajiandaa. Daktari ameandika atembee kidogo kidogo, kila siku. Aende mwendo ambao bado anaweza kuongea. Kifua kikibana, pumzi ikikata au akisikia kizunguzungu, mnasimama. Hali isipopoa haraka, hospitali mara moja. Dawa asikose. Chumvi punguza. Mpe mayai, maharagwe, maziwa. Na meno yaangaliwe, maana vijidudu vya meno vinaweza kufika moyoni."

Kisha akamgeukia Mama. "Na wewe, Mama, unasikiaje?"

Mimi sikuwa nimemwuliza hata siku moja.

"Naogopa kisu," Mama akasema polepole. "Na hapa hakuna mtu naambia. Naambiwa tu lala."

Niliona aibu sana.

Kesho yake tulitembea mpaka mlangoni tu. Mama akashika fremu ya mlango, akahema.

"Hapa ni kwa fundi wa baiskeli," akasema.

Tukacheka. Wiki iliyofuata tulifika kwenye mfereji wa maji. Hapo pakawa darajani. Mwezi wa saba tulifika geti la jirani Kemboi, nalo likawa kinu cha Wakoli. Kila kituo kilikuwa na kisa. Alinikumbusha siku niliyogaagaa njiani nikililia mandazi.

"Ulikuwa kichwa ngumu," akasema. "Sasa ndio umezidi, bana!"

Ile hofu ya kisu pia tuliiongea huko njiani, mpaka ikapungua.

Mwezi wa nane daktari akampima. "Yuko tayari," akasema. Akapasuliwa.

Siku ya tatu, sista alimsaidia kusimama wodini. Alikuwa amekonda, ana bandeji kifuani.

"Utaweza kufika pale mlangoni, Mama?" sista akauliza.

Mama akanitafuta kwa macho.

"Nasike, kinu cha Wakoli tumeshapita," akasema. "Twende Chwele."

Akaanza kutembea, ameshikwa mkono na sista. Nami nikamfuata nyuma, kama zamani.