Ulijua, na Ulinishika Mkono

— Habari za Seattle ulimwambia nani?

Wendell aliweka kikombe cha kahawa mezani taratibu.

— Sijamwambia mtu, Dess.

Odessa Broussard akamsogezea simu. Akaunti moja isiyo na jina, yenye picha ya bendera, ilikuwa imeandika asubuhi hiyo: "Broussard anakimbilia Seattle. Aende salama. Timu ibaki na wanaoipenda nchi yao."

Habari yenyewe, kwamba anahamia timu ya Seattle, ilikuwa ya uongo. Odessa aliitunga juzi, akamnong'oneza Wendell peke yake.

Kwa miaka mingi alikuwa ameichezea timu ya wanawake ya mpira wa kikapu ya St. Louis, viti vikiwa nusu vitupu. Kisha akasajiliwa Brynn Hatcher, binti wa kizungu, fundi wa kufunga kutoka mbali, na uwanja ukafurika. Brynn mwenyewe hakuwa na neno. Mashabiki wake ndio waliosema Odessa anamnyima mpira kwa sababu ya rangi. Siku Odessa alipovaa fulana ya kuwahimiza Weusi wenzake wakapige kura, wakamwita adui wa taifa.

Matusi aliyazoea. Kilichomkosesha raha ni ile akaunti. Ilijua goti lake linauma. Ilijua alilia garini baada ya kufungwa na Chicago. Garini walikuwa wawili tu, yeye na Wendell, mpenzi wake mzungu aliyeishi naye na kumpikia supu kila akiugua. Tangu akaunti ilipoandika hayo, Odessa alikuwa akimchunguza Wendell hata anapocheka.

— Ni mama, Wendell akasema mwishowe.

Lorraine. Yule aliyemkumbatia kila sikukuu ya Shukrani na kumwita mwanangu.

— Ulijua lini?

Wendell akatazama dirishani.

— Julai. Nilimwomba aache, akaniahidi. Anasema hana ubaguzi, anataka tu timu ishinde.

— Na bado ukawa unampelekea maneno.

— Anauliza unaendeleaje, Dess. Ni mama yangu. Nimjibu nini?

Julai ndio mwezi ambao mashabiki walisambaza anwani ya nyumba ya wawili hao, hadi walinzi wakawa wanamsindikiza Odessa kila atokapo uwanjani.

— Ulikuwa unanishika mkono mpaka kwenye gari, akasema kwa sauti ya chini. Ulijua, na ulinishika mkono.

Akachukua begi lake la mazoezi, akatoka.

Jioni, kabla ya mechi, simu zikaanza kulia chumba kizima cha kubadilishia nguo. Chini ya ile akaunti Wendell alikuwa ameandika kwa jina lake kamili: "Anayeandika hapa ni mama yangu. Nilijua, nikanyamaza. Odessa, nisamehe."

Brynn akaja kuketi kando yake.

— Dada, utamrudia?

Odessa alikaza kamba za viatu, mguu mmoja, kisha wa pili.

— Amewaambia watu wote, akajibu. Mimi nilitaka aniambie mimi.

Akainuka, wakatoka pamoja kwenda uwanjani.