Waya wa Kwenye Masale

Hivi wewe, ukikuta waya mzuri, mwembamba, hauna hata chembe ya kutu, umezungushwa kwenye shina la sale, utaufungua?

Kama umezaliwa huku kwetu Kirua Vunjo, umeshatikisa kichwa. Masale hayaguswi ovyo. Ni mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, ni alama ya kaburi, na ni msamaha: mtu akikukosea akakuletea jani la sale limepigwa fundo, unasamehe, upende usipende. Ukikataa, ukoo mzima unakugeuka. Hilo nililijua kabla sijajua kuandika jina langu. Basili naye alilijua. Na aliufungua. Kabla hujamwita mjinga nisikilize, maana nina hasira na sitaki kurudia mara mbili.

Mimi naitwa Violet. Basili ni mtoto wa baba mdogo, tumelelewa nyumba moja na bibi yetu Mektrida. Nina degree ya Human Resources, na huu ni mwaka wa nne sina human wala resource. Basili ana diploma ya utalii. Interview tumefanya mpaka walinzi wa getini wanatujua kwa majina, na jibu ni lile lile, we will call you. Simu tunazo, chaji imejaa, hapigi mtu. Wazee wanatuambia tuvumilie, wao walivumilia. Sawa. Walivumilia wakapata kahawa, ng'ombe na benchi la mbele kanisani. Sisi tunavumilia tunapata mahubiri.

Kitu pekee alichokuwa nacho Basili ni vidole. Alipokuwa shule ya msingi, padri mmoja mzee Muairishi alimfundisha kupiga buzuki. Kama huijui, chukua mandolini, ilishe mpaka iwe mtu mzima: shingo ndefu, tumbo la umbo la peasi, nyuzi nane zilizopangwa mbili mbili. Padri alirudi kwao kufa na buzuki yake akaondoka nayo. Basili akabaki na nyimbo vidoleni, akizilazimisha kwenye gitaa la kwaya.

Mwaka huu, mwezi wa saba, lodge moja ya Marangu ikatafuta mpiga ala. Meneja, dada mmoja anaitwa Stella, alimwambia Basili asije na gitaa, magitaa yapo kila lodge. Aje na kitu ambacho wageni wake hawatakisikia kwingine hapa mlimani. Jumamosi, saa kumi jioni. Ukipita, mkataba wa mwaka mzima. Mwaka mzima! Nyumbani tulilisema hilo neno kwa kunong'ona, kama jina la mgonjwa.

Jumanne tukashuka Moshi mjini, kwa muuza ala za mitumba anayeitwa Filemon. Alikuwa nazo tatu zilizotoka kwenye kontena la Ulaya, zote anaziita gitaa la mzungu. Ya kwanza ilikuwa inang'aa kama kabati la maharusi. Basili akafumba jicho moja, akatazama kuanzia kichwani kushuka shingoni, akairudisha. Shingo imepinda, alisema, ukibana nyuzi vidole vitatoka damu na sauti bado itakuwa mbovu. Ya pili, tumbo lilikuwa limebonyea pale daraja la nyuzi linapokaa. Hiyo ingeishi miezi miwili. Ya tatu ilikuwa mbaya kwa sura, rangi imechubuka, mtu amebandika stika ya mbwa. Lakini shingo imenyooka. Akaigonga mgongoni kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akagonga tena.

"Kaka anachagua gitaa kama anachagua mke," Filemon akasema.

"Mke wangu angekuwa na stika ya mbwa?" Basili akajibu, na ile ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu Pasaka.

Tukaipata kwa bei ya chini kwa sababu haikuwa na nyuzi hata moja. Na hapo ndipo shida ilipoanza. Nyuzi za buzuki Moshi nzima hakuna. Tulipata seti moja tu ya gitaa, nyuzi sita. Uzi wa gitaa una kigololi mwishoni, buzuki inataka kitanzi, kwa hiyo Basili aliviponda vigololi kwa koleo kimoja kimoja, vitanzi vikabaki. Wa saba alipewa na wanakwaya. Ukabaki mmoja. Kwenye jozi ya chini kabisa, uzi mnene unakaa na mwenzake mwembamba, chuma kitupu, anayeimba juu yake. Bila huyo mwembamba, buzuki inanguruma tu, haing'ai.

Ijumaa asubuhi bibi akamtuma Basili chini kule karibu na mfongo, mfereji wa maji, kukata majani ya ng'ombe. Alirudi na mzigo kichwani na waya kiganjani.

Nikamuuliza ameutoa wapi. Akasema kuna sale limejitenga peke yake katikati ya migomba. Si la mpakani. Na makaburi ya ukoo wetu ameyahesabu yote kichwani, hilo halimo. "Kwa hiyo ni mmea tu, Vai," akasema. "Mtu kafungia mbuzi zamani."

Ndilo kosa lake, na ni kosa la mtoto wa kihambani: kuamini kwamba kila kaburi letu tumeonyeshwa.

Waya ulitosha kabisa. Haukubaki hata wa kukata.

Usisubiri hapa nikuletee usiku wa manane na bundi. Ilikuwa saa tano asubuhi, jua kali, kilele cha Kibo kimekaa wazi. Basili alikaza nyuzi zote nane, akapiga mara moja, na mimi nikasimamisha kisu juu ya ndizi nilizokuwa namenya. Sijawahi kusikia kitu kizuri vile. Waya ule wa bure uliimba kuliko nyuzi zote za dukani.

Akaiweka buzuki kwenye kigoda. Baba mkubwa Leodegar akapita na dumu lake la maziwa. Tukamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba.

Waya ukalia.

Hakuna aliyekuwa ameugusa. Nikajiambia ni resonance tu, physics ya form two, sauti inaamsha sauti. Baba mkubwa akauliza bibi ameamkaje. Ukalia tena. Nikamjibu mimi, waya kimya. Basili akaongea, kimya. Bibi akakohoa ndani, kimya. Baba mkubwa akasema tu "haya", na ukalia mrefu, kama mtu anayevuta pumzi kupitia meno.

Akaweka dumu chini. Maziwa yakamwagika, hakuyatazama.

"Mmeutoa wapi huo?" akanong'ona.

Basili akamwambia.

"Urudisheni. Sasa hivi."

"Pale chini kuna nani, baba mkubwa?" nikamuuliza.

"Hakuna mtu."

Kigoda kikatetemeka. Nilikiona. Miguu yote mitatu.

Nikamwambia tutaurudisha, sharti atupe jina. Jina tu, si shamba lake, si ng'ombe wake. Akaanza hotuba: watoto wa siku hizi, shule imetuharibu, kuna mambo ya wazee. Kila neno lake waya ukilifuata. Mwishowe akafunga mdomo na kuondoka. Nusu saa baadaye akarudi ameshika jani la sale, bichi, limepigwa fundo. Hakutukabidhi sisi. Mzee wa miaka sabini na mbili, mwenyekiti wa ukoo, akapiga magoti kwenye vumbi na kuliweka jani mbele ya buzuki.

Fundo likafunguka.

Polepole. Lenyewe. Jani likalala limenyooka, na lilipolala lilikuwa limekauka.

Baba mkubwa aliondoka bila dumu. Bibi Mektrida alikuwa amesimama mlangoni, ameona yote. Alikaa chini akatuambia, akiangalia mikono yake. Zamani, kabla hatujazaliwa, alikuja binti kutoka mbali kuchuma kahawa. Akakaa msimu mmoja. Asubuhi moja wakaambiwa ameondoka alfajiri kwenda Himo, na nguo zake zilikuwa bado kwenye kamba. Wanaume wakakaa kikao. Wiki ile ile sale likapandwa kule chini, wakalizungushia waya.

"Walimwomba msamaha," bibi akasema. "Wakaufunga, asije akaukataa."

Nikamuuliza aliitwa nani. Bibi akalia. Walikuwa wanamwita yule binti. Msimu mzima, yule binti.

Ungefanyaje? Mimi najua nilichofanya. Nilimwambia Basili auvue. Akaitazama buzuki, akanitazama. "Vai, kesho ndiyo kesho," akasema. "Sina uzi mwingine. Nikitoka Marangu naurudisha kwa mikono yangu." Na mimi, mwenye CV ya kurasa tatu na experience ya sifuri, nikasema sawa. Njaa ya kazi ilijibu kwa mdomo wangu. Hilo ni langu, sikatai.

Jumamosi, saa kumi. Wageni kama ishirini bustanini, wengine wameshuka Kibo jana yake, pua zimebabuka. Basili akapiga wimbo wa kwanza wa padri. Watu wakaacha kutafuna. Akapiga wa pili. Stella alikuwa ameshika karatasi za mkataba kifuani, anatabasamu. Niliziona. Zilikuwa na jina la Basili juu.

Wa tatu ulikuwa wa taratibu. Katikati yake niliona vidole vya Basili vimetoka kwenye nyuzi.

Wimbo uliendelea.

Mikono yake ilikuwa magotini. Mitupu. Buzuki inapiga. Nyuzi saba zilikuwa zimetulia, nilizihesabu. Mmoja tu ulikuwa unatikisika mpaka unaonekana kama ukungu.

Basili akafungua mdomo. Sauti ikatoka. Haikuwa yake. Ilikuwa ya msichana, imekwaruza, kama haijatumika miaka mingi.

"Sijasamehe."

Waya ukakatika.

Basili akashika shingo yake kwa mikono miwili.

Unajua wageni walifanya nini? Walipiga makofi. Walisimama! Mmoja akauliza kwa Kiingereza kama hiyo show wanayo kila wiki. Stella akaja mbio na karatasi zake, akamwambia Basili awasalimie wageni, aseme chochote, ajitambulishe. Basili akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Macho yake yalikuwa kwangu. Stella akasubiri, tabasamu likapungua, karatasi zikarudi kifuani. Akasema, we will call you.

Tuliutafuta waya ule kwa magoti kwenye nyasi fupi za bustani, mimi na Basili, mpaka mlinzi akaja kututoa. Hatukuuona hata kipande.

Hii ni wiki ya tatu. Hospitali wamemwangalia koo, wanasema liko salama, halina kasoro. Daktari hakuniambia kitu kuhusu ile alama, aliandika "allergy" akaita mwingine. Basi nitakuambia mimi. Basili ana mstari shingoni. Mwembamba, unazunguka shingo nzima, umezama kidogo kwenye ngozi. Haumuumi. Hauponi. Chini ya sikio kuna pale ncha mbili zilipokutana zikasokotwa. Nimekaa na waya wa kufungia uzio na mguu wa meza, nimesokota mara hamsini, huku na huku. Msokoto ule ni wa mtu wa mkono wa kushoto. Kwenye ukoo wetu mashoto tuko watatu. Mmoja ni mimi, na mwaka ule sikuwa nimezaliwa. Wengine ni baba zangu wakubwa wawili.

Kwa hiyo baba mkubwa Leodegar, na wewe baba mkubwa Julius uliyejificha Dar huku simu unaiona inaita, na wote mliokaa kile kikao mkakubaliana, sasa naongea na nyinyi. Sina shikamoo. Msilete majani, msilete mbege, msilete padri aje kunyunyiza maji mkiwa mmesimama nyuma yake. Mlijisamehe wenyewe kwa niaba ya mtu mliyemfukia, mkatuachia sisi tuishi juu yake na kutuambia tuvumilie. Jumapili hii, baada ya misa, jua likiwa juu, shukeni kule kwenye migomba. Watu wote tutakuwepo. Mseme kwa sauti ya kusikika jina lake, jina la baba yake, na kijiji alichotoka. Kisha mmoja wenu aseme alifanya nini. Basili amenyamaza siku ishirini kwa ajili yenu. Fungueni midomo.